Nyigu Asiye na Wafanyakazi

Alasiri moja ya mwezi wa tano nilirudi kutoka kazini nikamkuta mume wangu amelala kifudifudi kwenye majani ya bustani, mkono mmoja chini ya kidevu, mwingine umenyooka mbele. Mkoba ulikuwa bado begani mwangu. Mimi ni muuguzi, nimeona watu wengi walioanguka, na miguu yangu ilikimbia kabla akili haijafika. Mwaka uliotangulia daktari alikuwa ametueleza kwamba moyo wake umepanuka, misuli yake imelegea, na kwamba unaweza kusimama wakati wowote bila kuaga. Nilidhani umesimama.

Nilipomkaribia, ule mkono ulionyooka ukainuka ukanipungia nisisogee.

"Pole-pole, maman," alisema bila kugeuka. "Unatingisha udongo."

Nilikaa chini palepale. Nikaanza kulia, naye hakujua nalia nini. Aligeuza kichwa, majani yamemnata shavuni, akanitazama kwa mshangao.

"Nini tena?"

"Nilizani umekufa."

"Bado," alisema. "Kuya uone."

Nikajivuta mpaka ubavuni mwake. Mbele yetu palikuwa na kisiki cha mti uliokatwa kabla hatujahamia pale, kimeoza, kimefunikwa kuvu na majani mabichi. Chini ya mzizi mmoja palikuwa na tundu ambalo kidole changu kingelijaza. Nyigu mmoja alitua mlangoni, akaingia. Mwingine akatoka, akasita kidogo kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, akaruka.

"Angalia pale tumbo inaanzia," alininong'oneza. "Unaona rouge?"

Niliona. Kabla ya mistari ya njano na nyeusi niliyoizoea palikuwa na wekundu wa kutu, kama msumari uliolowa. Akanieleza kwamba hawa si wale wanaokuja kwenye meza za watu wakati wa joto kutafuta jemu na bia. Hawa ni wachache, kiota chao ni kidogo, wanakiweka karibu na uso wa ardhi, wanawinda nzi, na mwezi wa nane unapokwisha nao wamekwisha.

"Batu ba amani," alisema. "Kama hauwafuate, habakufuate."

Ilinibidi nimsaidie kuinuka. Kusimama tu kulikuwa kunamchosha, na midomo yake iligeuka rangi. Lakini usiku ule alikula chakula chote, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Pasaka.

Kule Bukavu alikuwa mwalimu wa biolojia. Tulipofika Brussels alisubiri muda mrefu vyeti vyake vitambuliwe, kisha akapata kufundisha sayansi katika shule moja ya sekondari. Watoto walimcheka lafudhi mwezi wa kwanza, baadaye wakawa wanamletea mende na buibui ndani ya vikopo vya mtindi. Mimi nilipata kazi hospitali, huko Jette, upande wa pili kabisa wa jiji. Kila siku nilipanda metro kisha basi, na watu wa kazini walishangaa kwa nini nakaa mbali hivyo. Nilikaa Auderghem kwa sababu yake. Alikuwa ameiona ile nyumba siku ya mvua, akatembea mpaka mwisho wa mtaa, akakuta msitu unaanza pale, akarudi akiwa ameshakubali kila kitu ambacho mwenye nyumba angesema.

Mwenye nyumba alikaa juu yetu. Alikuwa mama Mbelgiji mjane, mwenye mgongo ulionyooka, aliyesugua ngazi ya nje mwenyewe kila Jumamosi. Sisi tulimwita Madame na yeye alituita Monsieur na Madame, na kwa heshima hiyo tulikaa naye miaka mingi bila neno baya. Bustani ilikuwa ya wote. Yeye alikuwa na mti wake wa plamu na meza ya chuma. Sisi tulikuwa na kona ya nyuma, ambako nilipanda lengalenga, na ambako palikuwa na kile kisiki.

Mume wangu hakumwambia Madame habari za nyigu. Aliniomba nami nisiseme.

Kazi alikuwa ameiacha kwa amri ya daktari. Alikuwa mtu wa kusimama mbele ya watu arobaini na kuongea, na sasa alikuwa na kiti cha kukunja, blanketi na lenzi ndogo iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Nikiondoka asubuhi namwacha pale, nikirudi namkuta pale. Nilishukuru. Nilijua wanaume wengine wenye ugonjwa kama wake, waliokaa mbele ya televisheni mchana kutwa wakingoja.

Wiki kadhaa baadaye, siku ya mapumziko yangu, nilikuwa nachuma lengalenga aliponishika kifundo cha mkono. Alinyoosha kidevu kuelekea kisiki.

Nyigu mkubwa alikuwa anatembea juu ya kuvu. Hakuwa na haraka ya mfanyakazi anayeleta chakula nyumbani. Alitembea, akasimama, akagusa udongo kwa papasi zake, akatembea tena akiuzunguka mlango. Hakuwa na wekundu wowote. Alikuwa njano ya kiini cha yai na nyeusi ya makaa, basi. Nyigu mdogo akatoka tunduni akamrukia. Wakaviringika chini, yule mdogo akabaki chali akitikisa miguu. Mkubwa akajipangusa uso, akaingia ndani.

Tulingoja mpaka mboga zikanyauka mkononi mwangu. Hakutoka.

"Ni nani ule?" niliuliza.

Mume wangu alikuwa anapumua kwa shida, nikaogopa, lakini ilikuwa furaha. "Kama ni yule nafikiria," alisema, "ni malkia ya bila batu."

Akanieleza taratibu, akipumzika katikati ya sentensi. Kuna aina moja ya nyigu ambayo haina wafanyakazi kabisa. Katika ukoo wake wanazaliwa malkia na madume tu, hakuna wa kujenga wala wa kuleta chakula. Malkia wa aina hiyo analala usingizi mrefu wa baridi kuliko wengine. Anaamka akiwa amechelewa, wakati yule jirani yake mwenye wekundu ameshajenga nyumba na kulea wafanyakazi wa kwanza. Ndipo anaitafuta hiyo nyumba na kuingia. Kwa muda wanakaa malkia wawili ndani ya nyumba moja. Mwishowe mgeni anamuua mwenyeji, anaanza kutaga, na wale wafanyakazi waliofiwa na mama wanaendelea kuleta nzi na kulisha majana yasiyo ya ukoo wao. Kwa kuwa hakuna anayezaa wafanyakazi wengine, wanazeeka na kufa mmoja mmoja, na nyumba inajiishia.

"Na huku iko?" niliuliza. "Huku Bruxelles?"

"Ni mududu ya baridi, ya kaskazini, ya milima. Huku ni mupaka ya inchi yake. Kuko batu banamutafuta maisha yote, habamuonake."

Lakini hakuwa na uhakika, na jambo hilo lilimtesa kwa namna aliyoipenda. Kwa kumtazama kutoka juu, nyigu wa njano na nyeusi wako wa aina nyingi, nao wanafanana kama sare za shule. Ili kujua ilikuwa lazima kumshika, kumweka chini ya lenzi, kutazama uso wake na miundi ya miguu yake. Na ukimshika malkia, kila kitu mle ndani kinakufa. Mtu mwingine angemshika. Nilimwambia hivyo.

"Nikimukamata leo, nitajua jina yake," alinijibu. "Sitajua mwisho yake. Tungoje madume. Yatatoka yenyewe mwezi wa nane."

Nikahesabu kimoyomoyo kama atafika mwezi wa nane, nikachukia kuhesabu kwangu.

Jumapili alikuja mpwa wake, binti wa dada yake. Tulimlea sisi. Mama yake alikufa vitani yeye akiwa hajaota meno yote, na mume wangu alimbeba mgongoni wakati tunatoka Bukavu. Sasa alikuwa msichana mkubwa, anafanya kazi kwenye duka la dawa na kukaa peke yake Koekelberg. Alimwita mume wangu papa tangu wiki ya kwanza. Mimi aliniita tantine, na mpaka leo ndivyo anavyoniita.

Tulikula sombe ya majani ya muhogo na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Mume wangu akamsimulia habari za kisiki, kirefu, mikono ikisaidia. Msichana aliacha kula.

"Donc, bale bafanyakazi, habajue kama mama yao alishakufa?"

"Habajue."

"Banalea tu."

"Banalea tu."

Akageuza-geuza uma kwenye sahani. "Alors ni kama miye humu kwenu," alisema. Alijaribu kuitoa kama mzaha lakini haikutoka hivyo.

Mume wangu aliweka kijiko chini. Alichukua muda kupata pumzi.

"Hapana," alisema. "Ile inaingiaka na inaua mwenye nyumba. Weye mama yako alikuwa ameshakufa, njo ukaingia. Na sisi tulikuwa tunajua ni nani tunalea. Hakuna mutu alitudanganya."

"Sawa, papa."

"Kula."

Akala. Mimi niliinuka kuchukua maji ambayo hayakuhitajika, nikasimama jikoni kidogo.

Mwezi wa saba ulikuja na joto kali. Maji yakamjaa mume wangu mapafuni; akawa hawezi kulala bila mito mitatu, kisha hakuweza kulala kabisa. Tukampeleka hospitali yangu mwenyewe, kwenye wodi iliyo juu ya ile ninayofanyia kazi. Nilipanda kumwona kabla ya zamu na baada ya zamu. Kila mara swali lake la kwanza lilikuwa moja.

"Banaruka?"

"Banaruka," nilimwambia, na ilikuwa kweli. Asubuhi kabla ya kutoka nilikuwa nasimama kando ya kisiki kwa ajili ya hilo jibu.

Wakati yuko kule, binti na mjukuu wa Madame walikuja kukaa naye. Mjukuu alikuwa msichana mdogo wa shule ya chekechea. Waliketi kwenye meza ya chuma chini ya mti wa plamu, plamu zilizoiva zimeanguka kila mahali, na nyigu wengi wa kawaida wamezijaa. Hao walikuwa na kiota chao juu, chini ya vigae vya paa la Madame mwenyewe. Ukisimama bustanini uliwaona wakiingia na kutoka kama moshi. Mtoto akanywa juisi, nyigu alikuwa ndani ya glasi, akamuuma mdomo. Ulivimba, wakaita gari la wagonjwa. Alipona siku hiyohiyo, lakini Madame alikuwa ameona uso wa mjukuu wake ukibadilika, na mtu akishaona hivyo hasahau upesi.

Mimi sikuwepo, usiku ule nililala hospitali. Nilirudi siku iliyofuata nikaona unga mweupe.

Ulikuwa umemwagwa kuzunguka kisiki chote, juu ya kuvu, hadi ndani ya tundu. Nyigu wachache walikuwa chini, wengine bado wanajikunja. Madame aliniona kutoka dirishani akashuka. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyefanya jambo jema.

"Nilimwita mtu wa kuua wadudu," alisema. "Alizunguka bustani akakuta wako hapa, chini kabisa, karibu na kiti cha Monsieur. Fikiria, Madame, na moyo wake ule. Wangemuua."

Nilitazama juu kwenye paa. Nyigu walikuwa wanaingia na kutoka chini ya vigae. Nikataka kumwonyesha, lakini nikamwambia asante, nikaingia ndani.

Katika kazi yangu nimekaa kando ya madaktari wanapotoa habari mbaya, na mara nyingine nimezitoa mwenyewe. Kuna namna ya kukaa, namna ya kuweka mikono. Jioni ile nilipanda wodini, na kabla sijakaa aliniuliza.

"Banaruka?"

"Hapana," nilisema. "Madame aliita mutu, akawamwangia dawa. Mutoto alikuwa ameumwa. Alizani ni bale."

Aligeukia dirisha. Jirani yake wa kitanda alikuwa anageuza kurasa za gazeti. Kisha akauliza:

"Dawa ya maji ao ya unga?"

"Ya unga."

"Bon." Akalamba midomo. "Basi masega iko nzima. Mutu asiguse mpaka nifike."

Walimruhusu kurudi baada ya siku chache, amekonda, viatu vinamcheza miguuni. Alitoka moja kwa moja bustanini. Alisimama mbele ya kisiki akiwa amejishikilia kwangu, na Madame akatuona. Alishuka na sahani ya keki ya plamu. Mume wangu alimshukuru, akamweleza kwa Kifaransa chake cha ualimu, bila kupandisha sauti: waliomuuma mtoto wanakaa juu ya paa, utawaona sasa hivi ukiinua macho, hawa wa chini hawaji mezani, wana wekundu hapa, na mle ndani alikuwa ameingia mmoja ambaye ni nadra kuonekana katika nchi hii.

Madame aliinua macho kwenye paa. Aliyashusha polepole. Alikuwa amekaza sahani ile kwa mikono miwili.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza. "Wiki zote hizi ulikuwa unakaa hapa. Kwa nini hukuniambia?"

Mume wangu alifikiri.

"Niliogopa ukijua utawaua," alisema.

Nyigu walikuwa wameshaifikia keki. Madame aliiweka juu ya meza ya chuma akapanda ngazi, na tuliisikia milango yake ikifungwa, mmoja baada ya mwingine.

Jumamosi msichana wetu alikuja akachimba. Niliwavalisha wote glavu na barakoa za hospitali. Alikata mzizi, akaondoa udongo kwa kijiko, akakitoa kiota kizima kwenye viganja vyake. Kilikuwa kidogo kama chungwa kubwa, cha karatasi ya kijivu, kimekunjwa tabaka juu ya tabaka, na kwenye kila kunjo unga mweupe. Tulitandika magazeti kwenye meza ya jikoni tukakiweka katikati. Mikono ya mume wangu ilikuwa inatetemeka kwa dawa za moyo, hakuweza kushika kibano. Akaketi kitini, akanipa lenzi.

"Weye utaangalia," alisema. "Mie nitauliza."

Nilifungua karatasi. Ndani yake masega mawili yalining'inia moja chini ya jingine. Wafanyakazi wenye wekundu walikuwa wamekufa juu yake, wengine vichwa vimo ndani ya vyumba vya majana, wamekufa wakilisha. Katikati yao nilimwona mkubwa.

"Uso yake?"

"Njano. Iko na vidoti vyeusi. Tatu."

"Usijivunie. Hata bale ba kila siku beko na vidoti. Uende ku miguu ya mbele, ku muundi."

Niligeuza. Chini ya lenzi mguu ulikuwa mrefu kama tawi.

"Kuko manyoya," nilisema.

"Mafupi?"

"Marefu. Meusi. Imesimama."

Msichana alikuwa ameinama juu ya bega langu, nikasikia pumzi yake imesimama.

"Tumbo, pale mwanzo. Rouge?"

"Hakuna."

"Angalia tena."

"Hakuna. Nyeusi na njano tu."

Mume wangu alifumba macho. Nilingoja atabasamu. Alikaa hivyo, mikono juu ya magoti, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Njo yule," na machozi yakamshuka bila uso kubadilika. Nilikuwa nimeishi naye tangu ujana, nimemwona akizika dada yake, akifunga mlango wa nyumba yetu ya Bukavu. Sikuwa nimemwona akilia hivyo.

Baadhi ya vyumba vya sega la chini vilikuwa vimefungwa kwa vifuniko vyeupe vya hariri. Aliniambia nivifungue. Ndani yake mlikuwa na watoto wa yule malkia, wamekamilika isipokuwa mabawa, rangi yao imeshaingia, wote bila wekundu. Nilivifungua kimoja kimoja. Nilipofika kwenye chumba cha pembeni, kifuniko kilikuwa kinatikisika. Kitu kilikuwa kinakitafuna kutoka ndani.

Tulikaa watatu tukatazama. Kikatoka kichwa, zikatoka papasi ndefu, halafu akajivuta mzima juu ya gazeti, mbichi, mabawa yamemshika mwilini.

"Dume," mume wangu alisema. "Papasi ndefu, njo dume. Haina mwiba."

Akavua glavu akaweka mkono wake mezani, kiganja juu. Yule nyigu alitembea juu ya herufi za gazeti, akafika kwenye kidole, akapanda. Akapita juu ya ukucha, uliokuwa wa bluu kwa ugonjwa, akazunguka kifundo. Akanyoosha mabawa. Msichana alifungua dirisha bila kuambiwa. Lakini ule unga ulikuwa kila mahali, kwenye karatasi, kwenye sega, na bila shaka kwenye miguu yake, kwa sababu hakuruka. Alianza kujipangusa uso haraka-haraka, kisha taratibu. Aliangukia ubavu kwenye kiganja cha mume wangu kabla jua halijashuka. Hakuna aliyekuwa amewasha moto wa chakula.

Wiki ile tuliwachoma pini ndani ya sanduku dogo, mume wangu akielekeza, mimi nikishika: malkia mmoja, lile dume, wafanyakazi wachache wenye wekundu. Chini ya kila pini kikaratasi kidogo chenye jina la mahali, siku, na jina lake yeye. Aliandika mwenyewe, akaharibu vingi kabla ya kupata vinavyosomeka.

Alikufa majani yalipokuwa yameisha mitini, mchana, hospitali, na safari hii alikuwa kwenye wodi yangu. Wenzangu walinivua vazi la kazi wenyewe wakanikalisha upande wa pili wa kitanda, upande wa familia. Sikuwahi kukaa upande ule. Dirisha linaonekana tofauti ukiwa pale.

Alikuwa amesema siku zote kwamba atazikwa Bukavu, kando ya mama yake, kwenye mteremko ambao ziwa linaonekana. Mji wetu wakati ule ulikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki, ndege hazitui. Ndugu walipiga simu kutoka kule wakasema msimlete, hata sisi tulio hai hatupiti. Tukamzika hapa, kwenye ardhi ya maji, mvua ikinyesha. Mama mmoja wa parokia aliimba kwa Kiswahili mpaka sauti ikamkatika, wengine wakaendelea. Madame alikuja. Alisimama nyuma kabisa na koti lake jeusi, na watu walipokuwa wanatupa udongo naye akatupa wa kwake, akafuta vidole kwa leso, akaondoka bila kunisogelea.

Miezi ilipita kabla sijaweza kugusa lile sanduku. Nilijua alitaka lipelekwe kwenye mkusanyo wa wadudu wa taifa, kwa hiyo nilipata miadi nikalibeba mapajani ndani ya metro, nikilikinga na viwiko vya watu. Alinipokea mama wa makamo mwenye nywele za mvi zilizofungwa kwa penseli. Alifungua kifuniko, akamtoa malkia kwa pini, akamweka chini ya darubini. Alitazama miguu. Alitazama uso. Akarudi kwenye miguu.

"Ndiye," alisema. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Kutoka Auderghem? Na kiota?"

"Kiliuliwa kwa dawa."

"Nani alimtambua?"

"Mume wangu."

"Ningependa sana kuongea naye," alisema, bado jicho liko kwenye darubini. "Kuna mambo ya kumuuliza. Aliingia lini, malkia wa kwanza alionekana mpaka lini. Naweza kumpigia simu?"

"Hapana," nilisema.

Aliinua kichwa akaniangalia. Akavua miwani. Hakusema pole kama watu wanavyosema. Alivuta kiti akaketi karibu nami, akaniomba nimweleze mimi. Nikamweleza. Nilishangaa kwamba nilijua yote: mwezi gani, saa gani za mchana, jua limekaa wapi, yule mdogo aliangukia upande gani. Yeye alikuwa anaandika. Niliongea mpaka koo likakauka, na kwa muda wote ule nilikuwa namwona mume wangu ananirekebisha, maman, pole-pole, si hivyo. Baadaye yule mama alifungua droo ya mbao, akanionyesha wengine wa aina ile, wachache, wazee, wino wa vikaratasi vyao umefifia. Akawasogeza kidogo, akachoma pini zetu kando yao.

Madame aliniomba nisihame. Alipiga hodi, akakaa ukingoni mwa kochi letu, akasema nyumba itakuwa kimya sana. Sikumchukia, na nilimwambia hivyo, na nadhani aliniamini. Lakini sikuwa na sababu tena ya kuvuka jiji zima kila asubuhi. Nilipata chumba na jiko huko Jette, ghorofa ya tatu, dakika chache kwa miguu kutoka hospitali. Msichana wetu alikuja na rafiki zake wakabeba vitu. Alinitandikia kitanda, akaniwekea dawa za presha mahali pa kuonekana, akasema, "Tantine, unipigie simu ukifika asubuhi kazini," akaenda zake kwa sababu alikuwa na zamu.

Nikabaki na maboksi. Nilipata sufuria, nikapata unga, nikasonga ugali. Nilipokuwa naupakua ndipo nikaona ni wa watu wawili. Nilikula upande wangu. Uliobaki niliufunika, nikaula asubuhi na chai.